Siku Tatu Kando ya Kitanda cha Kazadi

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomkamata mwanaume mzima kwa kola ya shati, nikamburuta kutoka mtaa wa Kasulo hadi ofisi ya polisi ya Manika, hapa hapa Kolwezi, nikipiga kelele njia nzima ili kila mtu ajue kwamba huyu ni mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mjane, na mdomo wangu, eh, waulize wazee wa kule waliobaki. Mtu yule aliitwa Kazadi. Alikuwa ameniibia bomba la shaba la mtambo wangu wa kupikia lutuku.

Usikunje uso. Ndiyo, nilipika lutuku. Mahindi, mihogo, pipa juu ya moto, na lile bomba likipita ndani ya maji baridi mpaka pombe idondoke tone kwa tone. Wateja wangu walikuwa wachimbaji. Walipita kwangu alfajiri kabla ya kushuka shimoni, na mimi nilimpa kila mmoja kikopo kimoja cha kutoa woga. Ilikuwa desturi yetu. Shimo ni jembamba, ni refu, udongo unaweza kukuangukia wakati wowote. Nani atashuka mle akiwa na akili zake zote? Wenyewe waliniita mama yao, na nilifurahi. Niliona ninawasaidia watoto wa watu.

Kazadi alitoka Lubudi, alikokuwa kibarua wa reli. Mwezi wa kwanza alikunywa kikopo chake huku amefumba macho, kama mtoto anayepewa dawa. Baada ya miaka miwili hakuweza kusema hujambo kabla ya kunywa. Nilimwona anavyokwisha, sitakudanganya. Niliona, nikaendelea kummiminia, kwa sababu kila mtu alimimina.

Basi tulifika polisi. Aliyeandika kesi siku ile alikuwa Tata Mutombo, tata kwetu ni baba, mzee aliyekaribia kustaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikaanza kulalamika hata kabla ya kukaa.

"Tata, huyu aliniibia tiyo yangu ya mukuba! Apelekwe buloko, na leo leo!"

"Tiyo ya kufanya nini, mama?"

"Ya kupikia."

"Kupikia nini? Bukari?"

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka, maana nani anapika ugali kwa bomba? Nikasikia masikio yanawaka. Nikasema polepole, "Lutuku, tata."

"Na ile lutuku, nani anakunywaka sana pale kwako?"

Kazadi ndiye aliyejibu, ameinamisha kichwa, mikono inamtetemeka hata akaibana katikati ya magoti. "Ni mi, tata. Nilikuwa natafuta kitu tu ya kuuzisha, nipate ya kukunywa. Mama Ngoie, unisamehe."

Tata Mutombo aliweka kalamu chini. Akaniangalia mimi, si yeye. "Mama, huyu ndugu zake beko Lubudi. Mu buloko, kama hauna ndugu wa kukuletea chakula, unakufa njaa. We njo utamupelekea bukari? Hapana? Basi sikia. Asubui unamupatia kikopo kwa mukono yako, mangaribi unamuleta kwangu nimufunge. Mi naandika nini mu dosié hii? Naandika mwizi moja ao bantu babili?"

Mwanangu, nimetukanwa sana maishani, lakini hakuna aliyewahi kuniweka na mwizi kwenye karatasi moja. Nilikaa chini bila kuambiwa.

Mzee hakuwa na sheria mpya mfukoni. Alikuwa na akili tu. Alisema kwamba mwenye kesi ni mimi, na kama nikikubali, dosié, lile faili la kesi, itakaa mezani kwake siku kumi. Kazadi angepelekwa kwa masista, kwenye zahanati iliyolaza walevi. Siku ya kumi angerudi hapo amesimama mwenyewe, na kesi ingekufa. Akitoroka, angepelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka, kisha buloko kufungwa. Na kwa kuwa mgonjwa kwetu halazwi bila mtu wa kumuuguza, mtu huyo ningekuwa mimi. Nilikubali kwa aibu, wala si kwa huruma. Afadhali nikiri hivyo.

Sista mwenye zamu aliuliza, "We ni ndugu yake?" Nikasema hapana, mimi ni yule anayemuuzia pombe. Alinitazama kidogo, akaandika kwenye karatasi: dada yake. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mtu aliyezoea pombe kiasi kile, ukimkatia ghafla bila dawa, mwili unaweza kumgeuka akafa. Nikafikiri: na mimi nilitaka afungwe leo leo. Mungu wangu!

Siku ya kwanza alitetemeka mpaka vyuma vya kitanda vikalia. Sista alimpa vidonge, akamchoma sindano, akaniamuru nimnyweshe maji ya sukari kwa kijiko. Siku ya pili aliona siafu ukutani. Hapakuwa na siafu. Alinishika mkono akaniomba niwatoe, basi nikachukua kitambaa nikafuta ukuta mtupu, nikafuta na kufuta, mpaka akatulia. Ndipo woga ulipoanza kuniingia. Nilikuwa nimeuza kitu hicho miaka minne bila kujua kina nguvu gani ndani ya mtu.

Siku ya tatu alilia. "Mama Ngoie, kidogo tu. Kifuniko moja. Nakufa." Macho yake, mwanangu, sikuweza kuyatazama. Saa sita mchana nilikwenda nyumbani kumpikia bukari, na kule nyumbani kulikuwa na jerikani imejaa. Nikajiambia, kifuniko kimoja kitamtuliza tu, masikini. Ona ujinga wangu! Nikamimina kwenye chupa ndogo, nikaificha kiunoni ndani ya kikwembe nilichojifunga, nikarudi.

Nilikuwa sijafika hata kitandani, Kazadi akageuza kichwa. Pua zake zilitanuka. Alijua. Jasho lilikuwa linamtoka, mikono inamruka juu ya shuka, na chupa ilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikaingiza mkono kiunoni nimpe.

Akasema, "Mama, toa hii kitu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nasikia harufu yake. Kama unanikaribia nayo nitaikunywa, najijua. Toa, nakuomba. Mi nataka nione siku ya kumi." Kisha akageukia ukuta, akajifunika shuka mpaka kichwani, na chini ya shuka ile alikuwa analia kwa sauti.

Nimeona mengi hapa Kolwezi. Nimeona mlima mzima ukipasuliwa kwa baruti ukawa shimo, na malori ambayo gurudumu lake moja linanizidi urefu. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama mtu yule dhaifu akikataa chupa. Nilitoka nje nikaimwaga nyuma ya choo, nikasimama pale nikisema Mungu, Mungu, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Siku ya kumi tulikwenda Manika, yeye akitembea mbele. Tata Mutombo alimwambia anyooshe mikono, akaitazama kitambo kirefu, akaichana ile karatasi. Usidhani yaliishia hapo. Baada ya miezi minne Kazadi alianguka tena, na Sista akampokea tena bila kumkaripia, nami nikakaa tena kwenye kiti kile kile. Pipa langu nililigeuza la kuwekea maji, nikaanza kuuza mikate sokoni. Wachimbaji walinikasirikia. Mwisho Kazadi alirudi Lubudi, akalima, akaoa. Kila mavuno alinitumia unga kwa treni hadi alipofariki, mzee mwenye mvi, kitandani kwake.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku ulevi utakapomfanya mtu akuibie au akuvunjie mlango, mshitaki, ndiyo, ni haki yako. Lakini kabla hujatia sahihi, uliza kama kuna mahali pa kumtibu, na uombe apelekwe huko kwanza. Halafu ujiulize nani alimpa kikopo cha kwanza, na kama ni wewe, au ni mtu wa nyumbani kwako, chukua sahani ukamuuguze. Akianguka mara ya pili, urudi. Kama ningemfunga Kazadi siku ile, leo ningekuwa ninasimulia habari za mwizi mmoja wa bomba, bila kujua nimeua mtu.

Mungu akupe macho ya Tata Mutombo na uvumilivu wa Sista. Na siku utakapokuwa wewe juu ya kile kitanda, maana hakuna ajuaye, asikose mtu wa kukufutia siafu ukutani.