Kunde Mbili Nyeupe

Mdogo wangu alizaliwa nikiwa darasa la sita. Tulikuwa tukiishi Kasikeu, ambako mama alifundisha biolojia katika shule ya upili. Mtoto alikuwa na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya nyasi kavu. Majirani walikuja kumwona, wakamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, na wengi wakaacha chai nusu kikombe.

Baba alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa mzaha mwingi. Siku zile mzaha ulimwisha. Alitoka mapema kwenda minadani, akarudi, akala, akaingia kulala. Hakumshika mtoto. Mara moja nilimwona amesimama mlangoni akimtazama akilala, kisha akaenda zake.

Halafu akaja susu, nyanya yetu mzaa baba, kutoka Nuu. Aliweka kibuyu chake cha samli chini, akamfunua mjukuu, akamkagua.

"Kwetu hakuna mtu kama huyu," akasema. "Labda kwenu."

Mama alimfunika mtoto. Nilijua ameumia kwa sababu alianza kufagia nyumba ambayo tayari ilikuwa imefagiwa.

Kesho yake tulikaa kivulini tukipukuchua kunde, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama. Baba alikuwa hapo karibu akitengeneza zizi. Mama akachagua punje chache kutoka kwenye uteo.

"Mama," akamwambia susu, "kila chenye uhai kina maagizo ndani yake. Mbuzi, kunde hizi, mimi na wewe. Mwili umejengwa kwa seli, vipande vidogo sana ambavyo jicho halioni, na ndani ya seli mna uzi mwembamba uliojikunja. Unaitwa DNA. Maagizo yamo katika uzi huo. Ndiyo yanayofanya kunde izae kunde."

"Hilo najua," susu akasema. "Mbuzi hazai punda."

"Basi mtoto hupata nusu ya maagizo kwa mama, nusu kwa baba." Akaweka punje mbili mbele yake mwenyewe, nyeusi na nyeupe, na nyingine mbili kama hizo upande wa zizi, alikokuwa baba. "Nyeusi ni agizo la kutengeneza rangi ya ngozi. Nyeupe ni agizo lilo hilo, lakini lina kasoro. Mimi ninazo zote mbili. Nyeusi moja inatosha, kwa hivyo hakuna anayejua nyeupe imo. Mwanao pia yuko hivyo."

Alichukua nyeupe kutoka kila upande, akaziweka pamoja kiganjani mwangu. "Mdogo wako alipata hizi."

Nyundo ilikuwa imenyamaza. "Kwa hivyo na mimi nimo?" baba akauliza.

"Umo. Angepata nyeusi kwako, angekuwa kama dada yake."

Susu alipukuchua maganda kadhaa. "Mama yangu alikuwa na kaka," akaanza, akimtazama baba. "Alikuwa mweupe hivi. Alikuwa akifungiwa ndani wageni wakija. Alipokufa, tulikatazwa kumtaja."

"Hukuwahi kuniambia," baba akasema.

"Ningekuambia nini? Hata mimi niliona haya."

Jua lilikuwa limesogea na kufika miguuni pa mtoto. Baba akaliona kabla yetu. Aliipangusa mikono kwenye suruali, akaja, akampokea mtoto kwa mama na kumwingiza ndani. Tulimsikia akimsemesha kwa Kikamba, maneno ya kipuuzi aliyozoea kunitania nayo nikiwa mdogo. Mama alilia, na susu akamsogelea na kumshika bega.

Baada ya hapo baba hakurudi kutoka mnadani bila kofia ya mtoto, nyingine hata kubwa kuliko kichwa chake. Susu alikaa nasi mpaka mvua zikaanza. Kila mgeni aliyefika aliwekwa chini na kusimuliwa habari za yule mjomba, kwa jina lake.

Sasa wazazi wetu na susu hawapo. Mdogo wangu anauza vitambaa Makindu na ana mvulana mweusi tititi. Juzi nilipowatembelea, mtoto alinipita mbio akimcheka kuku, na kicheko kile kilikuwa cha baba yetu kabisa. Niliomba chai nyingine, ili nipate sababu ya kuendelea kukaa nikimsikiliza.