Neno Lililobaki Lilikuwa Mayi

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alizaliwa Kivu Kaskazini, akafika Kisangani akiwa kijana, na tangu hapo alirudi kwao kwa matanga tu. Mara kwa mara alikwenda Dubai kununua mali. Wenzake walikuwa wakirudi na televisheni, au viatu vya wake zao. Yeye, safari moja, alirudi na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, pampu, taa za bluu, na ndoo za unga wa chumvi ya bahari. Samaki na matumbawe yalifuata baadaye kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa.

Matumbawe sikuwa nimewahi kuyaona. Nilidhani ni maua.

"Iko munyama," aliniambia, akicheka. "Haitembei tu. Inakula, inazala, inagonjwa sawa weye na miye."

Mama yake alipokuja kututembelea alilizunguka tangi polepole, kisha akauliza kwa adabu samaki hao wataliwa lini. Majirani walijaa sebuleni. Katika mji huu samaki tunawajua wakiwa sokoni, wabichi au wa moshi, na hakuna aliyewahi kuona watu wakikaa kwenye viti kuwatazama tu. Mume wangu alikuwa akiwaeleza kila kitu kwa subira. Ila hakuruhusu mtu kugusa maji. Kila Jumamosi alikoroga unga wake katika pipa, akachungulia kidude chake cha kupimia kama mtu anayetazama mwezi, akatoa maji machafu na kutia mapya. Mimi nilikuwa nikipita na chai, basi.

Kiharusi kilimkuta dukani asubuhi, akimkatia mteja kitambaa. Mkasi ulianguka kwanza, kisha yeye.

Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwisha. Lilibaki moja tu: mayi, ndivyo tunavyoita maji huku kwetu. Daktari alinieleza kwamba akili yake ni nzima, anaelewa yote tunayosema na anajua anachotaka kujibu, lakini mdomo unaokota neno lile lile kila mara. Akitaka chakula, alisema mayi. Mguu ukimuuma, mayi. Binti yetu alipopiga simu kutoka Kinshasa, alishika simu kwa mkono wa kushoto akamwambia, "Mayi, mayi, mayi," kwa sauti ya baba anayembembeleza mtoto. Nilimsikia binti yangu akilia upande wa pili.

Alitaka kukaa mbele ya tangi. Nilimwekea kiti hapo, na hapo ndipo alipokuwa akishinda.

Sasa tangi lilikuwa langu. Niliwalisha samaki. Niliwasha na kuzima taa. Joto la hapa linakausha maji haraka, na feni aliyoifunga juu ya tangi ili kuyapoza ilizidi kuyakausha, hivyo kila baada ya muda mfupi nilikuta yameshuka na pampu inakoroma. Nilikumbuka Jumamosi zake. Nikakoroga unga katika pipa nilivyomwona akifanya, nikaongeza mpaka tangi likajaa.

Aliinua mkono wa kushoto. "Mayi!"

"Ndiyo, papa, naongeza mayi," nilimjibu, kwa jina nililozoea kumwita.

"Mayi! Mayi!"

Nikaongeza tena kidogo. Aligeuza uso ukutani.

Haukupita muda mrefu matumbawe yakaanza kujifunga. Yale yaliyokuwa yakicheza kama nywele ndani ya mto yaliingia ndani na kukaa kama ngumi. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, aliowapenda kuliko wote, walikaa kwenye pembe wakihema. Nilichukua vichupa vyake vya kupimia, nikasoma maelezo ya Kifaransa, nikadondosha dawa tone kwa tone. Rangi zilitoka nzuri. Uchafu haukuwepo, sumu haikuwepo. Nilimpelekea vichupa avione. Alivitazama, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye bido, dumu la maji ya kunywa lililokuwa karibu na mlango.

Nikamletea kikombe. Alikisukuma, maji yakamwagikia gauni langu.

Nikafikiri labda ni umeme. Ulikuwa ukikatika mara nyingi, na pampu ikizimika wanyama hawa wanakosa hewa. Nikawa nawasha grupu, jenereta letu, kila unapokatika. Halafu nikafikiri ni moshi wa grupu, nikalihamishia nyuma ya nyumba. Halafu nikashuku maji ya mvua niliyokuwa nikikorogea unga, kwa sababu bati letu ni la zamani, nikaanza kununua maji ya chemchemi. Nilimpigia simu mtu wa Kinshasa aliyemletea samaki. "Mama, badilisha mayi mingi," aliniambia, "mayi iko mubaya." Nikabadilisha. Kila bido la chemchemi nililitia unga kwanza, kwa uangalifu, kwa sababu hawa ni wa bahari na bahari ni chumvi.

Na kila mara, nyuma yangu, "Mayi. Mayi." Mara nyingine alipiga mkono wa kiti. Siku moja alilia kwa hasira, machozi yakashuka upande mmoja tu wa uso, na mimi nikapiga magoti mbele yake nikaanza kumuuliza kama mtu anayemhoji mtoto.

"Iko joto?"

Akatikisa kichwa.

"Iko chakula? Nawapatia mingi?"

Akatikisa.

"Iko taa? Iko miye? Papa, nifanye nini?"

Akafumba macho. Nilijua jibu limo ndani ya kichwa kile, umbali wa mkono tu kutoka kwangu, na hakukuwa na njia ya kulifikia.

Jirani yangu, mwanamke Mwislamu wa Maniema aliyekuwa akinitembelea karibu kila siku, alinihurumia kwa namna yake. "Yaya," alisema, akiniita dada, "mugonjwa wako iko mumoja. Acha samaki." Lakini yeye hakuwa akimwona mume wangu alivyokuwa akiamka akitazama tangi kabla ya kunitazama mimi.

Ni yeye aliyeniletea maharage adhuhuri moja. Nilionja nikakunja uso kabla sijajizuia.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa na wageni, yakakaa motoni, mayi ikakauka. Nilipashwa kuongeza mayi. Chumvi haitoke na moshi ya mayi, inabakia tu mu chungu."

Niliweka kijiko chini. Nikaenda sebuleni, nikasimama kati ya mume wangu na tangi. Kwenye ukingo wa kioo kulikuwa na ukoko mweupe mnene ambao nilikuwa nikiufuta kila asubuhi bila kujiuliza umetoka wapi. Ulikuwa chumvi: maji yalikuwa yakikauka, chumvi ikibaki, nami nikizidi kuitia.

"Papa. Mayi bila chumvi? Mayi ya bule, ya kunywa?"

Aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Nilileta kile kidude cha kupimia, ambacho nilipokichungulia mwanzoni niliona rangi ya bluu tu nikakiacha. Alikichukua, akafungua kifuniko chake kwa kidole gumba, akanionyesha tangi. Nilichovya kidole, akanishika mkono akadondosha maji yake kwenye kioo kidogo, akaniwekea kidude jichoni. Ndani kulikuwa na namba za kiasi cha chumvi, na mpaka wa weupe ulikuwa umezipita namba zote.

Tuliangaliana. Sijui kama nimewahi kumpenda kama dakika ile. Jirani alikuwa mlangoni, anapiga makofi.

Nilichota maji ya tangi kwa ndoo nikamwaga nje, nikashika bido la maji ya kunywa nikalimimina lote, kisha la pili. Nilikuwa nikicheka. Nyuma yangu alikuwa akipaza sauti, "Mayi! Mayi! Mayi!" nami nikasikia furaha, nikasikia mtu anayesema ongeza. Nilipogeuka kuchukua la tatu nikaona mkono wake umeinuliwa, kiganja kimenielekea, na uso wake umejaa hofu.

Niliacha. Ila yalikuwa yamekwisha kuingia.

Mtu wa Kinshasa alinieleza baadaye kwamba chumvi inashushwa polepole, kidogo leo na kidogo kesho, kwa sababu mwili uliozoea makali haustahimili kuondolewa yote kwa mara moja. Matumbawe yalianza kumenyuka. Nyama yake ilikuwa ikiachana na mfupa na kuelea kama karatasi iliyolowa, na chini ukabaki weupe mtupu. Maji yakawa kama ya mchele uliooshwa. Nyumba ikanuka. Nilitoa maiti kwa kichujio cha chai, nikabadilisha maji, nikapima, sasa nikijua kupima. Wale samaki wawili walidumu kuliko wengine, kisha maji yaliyooza yakawamaliza nao.

Mume wangu hakunikasirikia. Heri angekasirika. Alikaa mbele ya maji matupu, taa za bluu zinawaka, pampu inafanya kazi, akitazama pale pale.

Mwishowe kijana muuza simu karibu na soko kuu aliliomba tangi alifanye kabati la kuonyeshea bidhaa. Nilimuuliza mume wangu, akaitikia kwa kichwa. Walikuja wanaume wanne. Walipolitoa walilipitisha mlangoni kwa ubavu, na yeye aliwafuata kwa macho mpaka barabarani. Kwa mguu wake mzima alikigeuza kiti, taratibu sana, kikaelekea dirisha.

Mchana huo nilipika lituma, ndizi za kuchemsha zilizopondwa, na mchuzi wa mawese. Tangu kiharusi alikuwa akila nusu sahani, kwa kubembelezwa. Siku hiyo aliimaliza yote, peke yake, kwa mkono wa kushoto, bila kuinua kichwa. Sikuweza kujua kama ni nafuu au ni kukata tamaa. Nilikaa kando yake nikamtazama akila.