Viatu Alivyovuliwa Habtom

Saa mbili asubuhi, Araya Gebrai anachomeka kisu kwenye makaa. Kinapokuwa chekundu anakipitisha kwenye mkanda wa plastiki uliokatika, moshi mweusi unampanda puani, anaminya, anapuliza. Kiatu kimepona.

"Hiki kitakuzika," anamwambia mwenye kiatu, Saliha Idris, mama wa miaka sitini na tano mwenye mguu mmoja.

"Wengi waliniahidi hivyo, nikawazika mimi," anajibu Saliha, kisha anamkumbusha kuwa yeye ni mteja wa kiatu kimoja, basi bei iwe nusu. Anaomba punguzo hilo kila mwaka. Hata hiyo nusu hajawahi kuilipa.

Hapa ni Medeber, soko la mafundi wa Asmara, ambako pipa huingia pipa na kutoka jiko. Siku nyingine zote Araya, mwenye miaka 63, huziba viatu vya yeyote kwa nakfa kumi, pesa ya hapa, na akipata jozi nane hurudi nyumbani anapiga mluzi. Lakini tarehe 20 Juni, siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya uhuru, kibanda huwa cha kikosi chake, wale waliolala naye kwenye mahandaki ya milima ya Nakfa. Kila mmoja huja na viatu vyake vya vita, vile vya plastiki nyeusi, Araya avizibe. Vingi havina tatizo lolote. Huvikata wenyewe njiani ili wapate sababu ya kukaa.

Mkutano wa kwanza walikuja kumi na tisa. Leo wapo wawili, yeye na Saliha.

Kuna kigoda cha tatu, na mbele yake jiko lisilowashwa na birika la udongo la kahawa. Hakuna anayeligusa. Saliha aliwahi kujaribu, na Araya anaapa kwamba kahawa ile iliwaumiza kuliko mabomu.

Kigoda ni cha Letebrhan, mwanamke wa miaka 58. Yeye hakupigana. Kaka yake Habtom ndiye aliyekuwa wa kikosi hicho, akaangukia huko akiwa na miaka ishirini na miwili. Letebrhan alikuwa akija kila mwaka kuwakaangia kahawa, ili asikie jina la kaka yake likitajwa na watu waliomjua.

Katika vita ile kiatu hakikuachwa nyuma. Mwenzako akianguka unachukua bunduki yake na viatu vyake, maana kuna mwingine anatembea peku. Viatu vya Araya vilikuwa vimeyeyuka kwenye moto wa bomu. Akamwona Habtom amelala kimya, kafunikwa vumbi. Akadhani amekufa, akainama kumvua.

Habtom akafumbua mdomo. "Cha kushoto kishikizo kimelegea. Kikaze, usije ukaanguka njiani."

Kila mwaka Araya alikisimulia kisa hicho, na kila mwaka walicheka mpaka wakafuta macho. Huyo ndiye Habtom, walisema, anakufa huku anafundisha watu kuvaa. Walikisimulia pale tu Letebrhan alipokwenda bombani kuteka maji ya kikombe cha tatu, maana hapa kahawa hunywewa vikombe vitatu. Hawakuwa wanamficha, anasema Araya, huo ulikuwa mzaha wa askari tu. Anasema hivyo akiwa ameinamisha uso.

Mwaka jana bomba lilikauka, Letebrhan akarudi mapema. Akasimama nyuma yao na dumu tupu.

"Kwa hiyo alikuwa hai," alisema.

Letebrhan akajifunga shuka lake na kuondoka kabla ya kikombe cha tatu, kikombe cha baraka, ambacho katika mji huu hata waliogombana na wakwe zao hukisubiri.

"Mwaka mzima sijapata usingizi wa maana," anasema Araya. "Si kwa sababu alisikia. Ni kwa sababu hakusikia yote."

Saa nne inapita. Saliha ameishiwa utani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu uhuru. Kisha Letebrhan anaingia, dumu limejaa maji, analitua chini na kubaki amesimama.

"Niambie yaliyobaki."

Araya anatungua viatu vya Habtom vilivyo msumarini. Vimezibwa mara nyingi hata rangi yake haijulikani tena.

"Aliomba maji," anasema. "Chupa yangu ilikuwa tupu. Nikamwambia nakwenda kuyatafuta, nakuja sasa hivi. Nikavaa viatu vyake nikaenda. Halafu ikaja amri ya kurudi nyuma."

"Ulijua kwamba hutarudi?"

Araya anakitazama kisu kilichopoa. "Nilijua tangu nakaza kishikizo."

Letebrhan anakaa. Anawasha jiko, anakaanga buni, anaponda, anachemsha. Kikombe cha kwanza kinanyweka, kisha cha pili. Saliha analia bila kujifuta, kahawa mkononi.

Kwenye kikombe cha tatu Araya anasema aliloliweka moyoni mwaka mzima. Mvua zikiisha, mwezi wa kumi, kabla magoti hayajamkatalia kabisa, anataka kupanda ule mlima. Handaki alimomwacha Habtom anaamini atalitambua. Anataka kuvirudisha viatu, na anaomba ruhusa ya mwenye kaka. Saliha anasema naye atakwenda, maana mguu wake mwingine uko hukohuko.

"Nitavibeba kwenye mfuko," anasema Araya. "Naona haya kuvivaa."

Letebrhan anammiminia kahawa ya mwisho iliyobaki birikani.

"Vivae," anasema. "Wewe ndiye uliyesema unarudi. Mimi nitabeba maji."