Jumapili Niliyohamisha Vigingi

Wapima walipofika Daa na darubini yao ya miguu mitatu, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yangu ndiyo kwanza nimeipaua bati. Niliwaachia watoto zoezi la hesabu nikatoka mbio kwenda kuwaona. Mwalimu mzima, chaki mkononi!

Habari ilikuwa imetangulia. Mpaka wetu na majirani wa kaskazini ulikuwa umefungwa kwa miaka, sasa umefunguliwa, na wakubwa wa nchi mbili walikuwa wanazungumza kuunganisha umeme, ili nchi yenye maji mengi kwenye mabwawa iiuzie yenye ukame, na mwaka mwingine iwe kinyume chake. Njia mojawapo iliyokuwa inapimwa ilipita kwetu, ikapanda nyanda za Ngorongoro, ikateremka upande wa Arash hadi mpakani. Mimi niliyekuwa nasahihisha madaftari kwa kibatari, na mafuta ya taa ya kupangia foleni, nilijiona nimeshafika Ulaya.

Vigingi vikapigwa, kila kimoja na kitambaa chekundu. Vikakatiza shamba la maharage la jirani yangu, bibi mmoja mjane, vikaniacha mimi pembeni kama hatua mia hivi. Iliniuma sana! Sisi tulikuwa tumezoea mradi wa maji. Bomba likipita kwenye shamba lako, unaruhusu mtaro uchimbwe, nawe unawekewa bomba lako la kuchotea mlangoni. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na hakuna aliyeuliza kama umeme nao una tabia hiyo hiyo. Nikajiambia, bibi hana hata redio, umeme ataufanyia nini? Nilikuwa na tamaa, tena tamaa ya mtu aliyesoma, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inajua kujitetea.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mke wangu tumbo linaniuma. Akaenda kanisani na kijiji kizima. Nilipohakikisha hakuna mtu, niling'oa vigingi vitatu, nikavisogeza kwangu kwa kuupinda mstari taratibu, nikavigongomea kwa mpini wa jembe. Jasho lilinitoka, na niseme ukweli, nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaniita, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa karani wake. Akaniagiza niandike tangazo, nami nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Atakayegusa kigingi ni adui wa maendeleo." Nikalibandika mwenyewe kwenye mlango wa duka la ushirika.

Baada ya wiki mbili wapima walirudi na kopo la rangi. Mkubwa wao, bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani, alisimama mbele ya ukuta wangu akachora alama kubwa nyekundu ya X. Nikajua tu, hizi ndizo nyumba za kwanza kuletewa umeme! Nikawakaribisha chai ya maziwa, nikawakaangia na mayai. Mke wangu ndiye aliyemuuliza bwana huyo, huku anamimina chai.

"Baba, hii alama ndiyo ya kuletewa taa?"

"Hapana, mama," mpima akamjibu kwa upole. "Ni ya kubomoa."

Nikalirudisha yai sahanini. Mpima akatueleza kwamba umeme ule ni wa nguvu kubwa mno, hauchomekwi kama bomba la maji. Chini ya nyaya hairuhusiwi nyumba wala mti mrefu, na ukanda huo wote unaitwa mkuza. Kuushusha nguvu ili uingie nyumbani kunahitaji kituo cha kupozea umeme, na mkopo ambao nchi hizi mbili zinautafuta ni wa nguzo za kuunganisha nchi na nchi tu. Mke wangu akaiweka birika chini. Alitoka nje akaushika ule ukuta, ukuta ambao tope la matofali yake alilikanyaga kwa miguu yake mwenyewe.

Ijumaa ukafanyika mkutano kwenye uwanja wa shule. Walikuja maofisa wa kwetu na wa nchi jirani, na wafugaji kutoka Arash ambao njia ingepita kwenye malisho yao. Maofisa walieleza vizuri: mita itawekwa mpakani, bei haitabadilishwa na upande mmoja peke yake, na anayetaka kuzima lazima kwanza amwarifu mwenzake. Nilisahau shida yangu kabisa. Nchi mbili ambazo juzi tu zilikuwa zimenuniana, leo zinapangiana namna ya kupeana taarifa kabla ya kuzima taa! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mzee mmoja wa Arash akasimama, ameegemea fimbo yake.

"Mimi nauliza. Mtu akipitisha ng'ombe wake kwangu kwenda kwa maji ya mbali, tunakaa kwanza, tunaongea, na mimi napata maziwa. Hii ng'ombe yenu ya waya inapita kwangu. Maziwa yangu iko wapi?"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Ofisa wa nchi jirani hakucheka. Alisema swali hilo halimo kwenye rasimu yao ya makubaliano, akaliandika, akamwomba mzee alirudie ili aandike sawasawa.

Ndipo mpima akasema hapa Daa njia imepinda kidogo, wala hajui kwa nini, ila wakikubali itabaki hivyo. Kuna mwenye pingamizi? Mke wangu alinitazama. Sikuwa nimemwambia, lakini alikuwa ameshajua. Nikasimama mbele ya wanafunzi wangu.

"Aliyevihamisha ni mimi," nikasema. "Na lile tangazo nimeliandika mimi."

Nilingojea kuzomewa. Badala yake akanyanyuka yule bibi.

"Mwalimu, mimi nilijua. Nilikuta mashimo shambani. Nilidhani umenihurumia, shamba langu lisipitiwe, ukaamua ubebe wewe. Kila Jumapili nimekuombea."

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sitaki kuiona tena. Nilimwomba msamaha pale pale, nikamweleza nilichokitaka hasa. Akamgeukia mpima kumuuliza kama maharage yanaruhusiwa chini ya nyaya. Yanaruhusiwa, bibi, panda tu, mpima akamjibu. "Basi virudi kwangu," akasema, akaketi.

Tulikwenda wote, maofisa, wafugaji na watoto wa shule. Mpima alinikabidhi fimbo yake ndefu ya kupimia, yenye rangi nyekundu na nyeupe, akainama kwenye darubini yake, akaanza kuniongoza kwa mkono. Kushoto. Kushoto tena. Kila alipopunga nilipiga hatua moja ya kuuacha mlango wangu, hatua mia nzima. Mke wangu alisimama mlangoni akipiga vigelegele kwa kuwa nyumba imepona. Nami nilikanyaga kati ya maharage ya bibi huku machozi yananitoka na ninacheka, nikiusogeza umeme mbali na nyumba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.