Geti la Mzee Baltazari

Mama alipoanza kuumwa kifua, alimtaja Yustina, mdogo wangu, mara nyingi kuliko alivyotaja dawa. Yustina aliolewa Lusahunga, na mtoto wa mzee Baltazari, mfanyabiashara ambaye watu wa huko walimwamkia hata wakiwa mbali. Ndiyo maana nikaondoka Murukulazo kwenda kumchukua.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Nilitembea mpaka barabara kuu, nikapata lifti kwenye lori la chumvi. Porini nikasinzia juu ya magunia. Kila nilipofumbua macho niliona miti ileile, nikadhani hatusogei.

Alasiri, Lusahunga. Duka la mzee lilikuwa limefungwa tangu kijiji cha ujamaa kifungue lake. Lori lake nalo serikali ilikuwa imelichukua kubeba askari wa vita vya Kagera, na dereva wake alikuwa Leonsi, mtoto wa mzee, mume wa Yustina.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umekuja kutembea au kuchukua?”

Nikamweleza habari za mama. Alinisikiliza akitazama barabara.

“Kwangu hatoki mtu mpaka rori lirudi.”

Mkewe alikuwa akimenya ndizi pembeni, hakuinua uso. Nilimkasirikia mzee yule hata nikaiacha chai yake.

Jioni tukasikia ngurumo mbali. Mzee akasimama. “Geti.” Yustina akakimbia kufungua mbao zote mbili, mama mkwe wake akafagia mahali pa kuegesha, na mimi, sijui kwa nini, nikasimama nao. Vumbi likaingia uani taratibu, jekundu. Lori la watu wengine likapita.

“Funga,” akasema mzee.

Yustina akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyofanya kila lori likija, tangu Leonsi aondoke. Nikamhurumia mzee, na sikupenda kumhurumia.

Kulipokucha nikaaga peke yangu. Ndipo mke wa mzee, aliyekuwa akimenya ndizi tena, akaweka kisu chini.

“Baba Leonsi, huyu mtoto aende kwa mama yake. Geti nitafungua mimi.”

“Utaziweza mbao zile?”

“Kabla hajaolewa, nani alikuwa akizifungua?”

Mzee akasogeza kiti chake pale getini, tukapita.

Njiani Yustina alitazama nyuma mpaka paa likapotelea mitini. Tulipofika nyumbani, mama alimshika mkono akakataa kuuachia, nami nikafurahi, nikijiona nimemtoa kabisa katika nyumba ile.

Jioni upepo ukavuma migombani, ukanguruma kama lori la mbali. Kwetu magari hayafiki. Yustina akauchomoa mkono wake polepole, akaenda kufungua mlango, akasimama pembeni kupisha. Hapo nikajua sikuwa nimemtoa.

“Nani amekuja?” mama akauliza kitandani.

“Hakuna mtu, mama. Nimezoea tu.”

Mama akakohoa, akajifunika vizuri.

“Basi uache wazi.”