Koki Nafungua Mimi, Anayechota Chini ni Mama

Admin, ficha jina langu na la kiwanda pia. Nikijulikana nimekwisha.

Nina miaka thelathini na sita, baba wa watoto wawili, huku Makueni si mbali na Mukuyuni. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kusindika maembe. Mimi ni wa maji machafu: yale ya kuosha matunda, na yale ya soda kali ya kusafishia mitambo.

Meneja wetu wa kwanza, mama mmoja mkali, alichimbisha mabwawa matatu ya kusafishia hayo maji. Katika la mwisho akaweka samaki. Kila asubuhi, kabla hata ya kusalimia watu, alienda kuwaangalia. "Samaki wakiwa hai, fungulia maji. Wakifa, tunafunga kiwanda." Tulimcheka, lakini tulimtii.

Mwaka huu akahamishwa. Aliyekuja, mtu wa mbali, aliwakaangisha wale samaki wiki ya kwanza, akafukia mabwawa apate pa kuegesha malori. Akaniambia, "Fungulia mtoni. Si umekauka? Mchanga utameza."

Yeye hajui. Mimi Mkamba najua mto ukikauka ndipo tunachimba mchanga tuchote maji. Nilijua na bado nikafungua koki ya tanki, kwa kuogopa kufutwa. Kila Ijumaa naandika kitabuni kwamba maji yamesafishwa, natia sahihi. Nilipomtajia visima vya watu alicheka tu. "Watu wa mazingira wakija, soma mwenyewe ni jina la nani liko hapo."

Jumapili tukitoka kanisani nilipitia kwa mama. Kisima chake cha mchangani kiko mtoni, upande wa chini wa kiwanda. Akanijazia kikombe. "Kunywa, mwana wakwa. Siku hizi iko na povu kidogo, na mbuzi zinakataa, lakini si mbaya."

Ningemwambia asinywe, angeuliza ni nani ameyaharibu. Nikanywa yote.

Tangu siku hiyo naogopa hata simu ikilia. Mke wangu, ambaye kwao ni Kabati, anataka tuhamie huko kimya kimya. Na mama nimwachie nani? Nikisema ukweli nafungwa mimi, na majirani wanaolishwa na kiwanda watanilaani.

Kesho asubuhi naingia zamu na tanki la maji machafu limejaa. Saa hizo hizo mama huwa ameinama kisimani na mtungi wake. Ndugu zangu, niambieni la kufanya kabla sijaishika hiyo koki.