Mrija Mpya, Maziwa ya Jirani

Nilimwambia jirani yangu kwamba maziwa yake yana maji. Nilimwambia langoni kwake, asubuhi, mbele ya wanawake watatu na mwalimu mmoja mstaafu waliosimama na chupa zao wakingoja kupimiwa, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti. Utafiti wenyewe nilikuwa nimeufanyia jikoni kwangu kwa mashine ya kahawa, na ulikuwa wa kijinga tangu mwanzo. Hilo nilikuja kulijua wakati neno lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima.

Nianze na mashine. Dada yangu mdogo alikuwa akikaa Syokimau, katika zile nyumba ambazo ukifungua dirisha unajua jirani anapika nini. Alipopata kazi ng'ambo akagawa vyombo vyake. Kaka yetu mkubwa alipata televisheni. Mimi nilipewa mashine ya espreso.

"Wewe ndiye mtu wa kukaa nyumbani," aliniambia. "Utapata wakati wa kuizoea."

Sikumwuliza kama hiyo ilikuwa sifa. Ni kweli nakaa nyumbani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele, na nikishuka mjini Machakos mara mbili kwa wiki mke wangu huuliza kama kuna msiba.

Hapa petu kahawa si ya kunywa. Inaota juu kule kwenye vilima vya Iveti, na nimeichuma utotoni hadi vidole vikanata, lakini iliyoingia nyumbani ilikuwa chai: maji, maziwa na majani vikichemka pamoja katika sufuria moja. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunifundisha. Nilijifunza kwa simu, kwa kutazama video za wanaume wenye ndevu safi na jikoni safi zaidi.

Kahawa yenyewe haikunisumbua. Shida ilikuwa maziwa. Kando ya mashine kuna mrija mfupi unaotoa mvuke. Unauzamisha ndani ya jagi la maziwa, unafungua, na maziwa yanatakiwa kuvimba, yawe mazito na laini kama rangi ya ukuta ambayo haijakauka. Yangu yalitoa mapovu ya kufulia, makubwa makubwa, na yakaanza kupasuka kabla sijafika mezani.

"Mbona kahawa yako inanung'unika?" mke wangu aliuliza akiwa ameinamisha sikio juu ya kikombe.

Mmoja wa wale wenye ndevu alikuwa na jibu. Alisema mashine za nyumbani huvalishwa soksi ya plastiki kwenye mrija, na kwamba hiyo soksi ni ya kuwadanganya wanaoanza. Mtu makini huitoa, akafunga mrija mrefu wa chuma wenye ncha ya matundu mawili. Mimi ni mtu makini. Niliagiza mrija huo siku hiyo hiyo, kabla ya kumaliza video.

Ulipofika, haukuingia. Ukiuzungusha haushiki, ukiusukuma unateleza. Nikaifunga mashine kwa kitenge, nikaibeba hadi nyuma ya soko kwa fundi wa majiko ya gesi na sufuria za presha. Aliigeuza mara mbili kama mtu anayekagua mbuzi.

"Hii ni ya nini, mkubwa?"

"Ni ya kutoa povu kwa maziwa."

"Povu si huwa tunaondoa na kijiko?"

"Hili ni la kunywa."

"Ahaa," alisema, kwa ile sauti ya daktari anayeita mwenzake chumba cha pili.

Lakini alikuwa fundi kweli. Alikata kipande cha shaba kutoka kwa jiko lililokufa, akakichonga upande mmoja kiingie kwenye mashine na upande wa pili kishike mrija, akazungusha ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, akakaza. Kisha akafuta mikono.

"Ikilipuka usiseme ni mimi."

Haikulipuka. Ilipiga mvuke kwa nguvu mpaka paka akahamia chumba cha kushonea. Nilisimama mbele yake kama dereva wa lori jipya. Nikachukua maziwa ya asubuhi, nikayachemsha kama kawaida, yakapanda mara tatu jinsi mama yangu alivyotufundisha, nikatoa utando wa juu, nikayamimina kwenye jagi na kuzamisha mrija.

Yalipaa hadi ukutani. Yaliyobaki kwenye jagi yalikuwa yamelala kimya, bila povu, kama maji ya mchele.

Nilijaribu siku nne. Nilishika jagi wima, nikalilaza, nikapandisha mrija, nikaushusha. Siku ya tano nikakaa chini kufikiri, jambo ambalo nikilifanya nyumbani huwa kuna atakayeumia. Mrija ni mpya. Mashine ni nzima. Mkono wangu sikuushuku, kwa sababu ni mkono wangu. Kilichobaki ni maziwa.

Maziwa tunayachukua kwa mama mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaa wote unamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata walio na umri wake. Ana ng'ombe mmoja, wa kahawia mwenye uso mweupe, na huyo ng'ombe ndiye shamba lake, duka lake na pensheni yake. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, Mwaitu alileta maziwa mlangoni mwezi mzima na kukataa chupa irudi bila habari za mtoto. Huyo ndiye niliyemwendea.

"Mwaitu, haya maziwa siku hizi yana maji."

Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia. Hakukiweka chini. "Maji ya wapi?"

"Sijui ya wapi. Lakini hayatoi povu. Na nimefunga mrija mpya kabisa, wa chuma."

"Mrija," alisema. "Mimi nakamua na mkono, fundi. Sina mrija."

Mwalimu mstaafu alikohoa. Mwaitu akachukua chupa yangu, ambayo alikuwa ameshaijaza, akayarudisha maziwa ndani ya mtungi polepole mpaka tone la mwisho, akanipa chupa tupu.

"Enda duka ununue ya pakiti. Hiyo iko na povu."

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa ukweli. Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Nilipomweleza, aliisimamisha pasi.

"Umemwambia hivyo mbele ya watu?"

"Nilimwambia kwa adabu."

"Umemwita mwizi kwa adabu."

Kwetu hakuna tofauti kati ya kusema maziwa yana maji na kusema mwenye maziwa ni mwizi. Mtu anayeuza maziwa anaweza kuambiwa anachelewa, kikombe chake ni kidogo, ng'ombe wake ana hasira. Akiambiwa anaongeza maji, ameambiwa amewaibia watoto wa watu kifungua kinywa. Na neno hilo halihitaji ushahidi. Kufikia wiki iliyofuata, watu walikuwa wanadondosha tone la maziwa kwenye ukucha wa kidole gumba, pale pale langoni, kuona kama litasimama au, likiwa na maji, litateleza. Tone lilisimama. Hata hivyo mmoja wa wale wanawake watatu aliacha kuja. Kisha jirani yake naye akaacha. Mke wangu alinipa habari hizo moja moja, jioni, bila kunitazama.

"Leo amebaki na nusu mtungi."

Mimi nilikuwa nakunywa kahawa bila maziwa na kusema naipenda hivyo.

Siku ya kumi hivi nikashindwa. Nilivuka hadi dukani, nikanunua pakiti moja ya maziwa kutoka kwenye friji ya mwenye duka, baridi mpaka pakiti inatoa jasho. Maziwa ya pakiti hayachemshwi, kila mtu anajua, yameshapitia moto kiwandani. Nikayamimina kwenye jagi na kufungua mvuke.

Mrija uliimba. Si kelele ya kawaida, ni sauti ya chini, kama mtu anayepasua karatasi polepole. Maziwa yakazunguka, yakanenepa, yakapanda taratibu hadi karibu na mdomo wa jagi, yakatulia yakiwa yanang'aa. Nilipiga kelele hata mke wangu akaja mbio akidhani nimejichoma.

"Unaona?" nikamwambia. "Unaona? Nilisema! Ya pakiti yanatoa, ya Mwaitu hayatoi. Maji!"

Aliangalia jagi. Akaangalia pakiti. "Haya umechemsha?"

"Ya nini? Ni ya pakiti."

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa friji ya dukani."

"Na ya Mwaitu ulikuwa unayatoa wapi?"

"Kwa jiko," nilisema. Nikasikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu.

Alifungua friji yetu, akatoa kijungu nilichodhani ni cha uji wa watoto, akakiweka mbele yangu. Kilikuwa na maziwa, baridi, yenye utando wa manjano juu.

"Piga hayo."

"Ni ya nani?"

"Wewe piga."

Niliondoa utando na kuyapiga. Yalitoka mazito kuliko ya pakiti, meupe, laini, ungeweza kuyapaka kwenye mlango.

"Yalichemshwa jana, yakalala kwa friji," alisema mke wangu. "Ni ya Mwaitu. Nimekuwa nikiyachukua kupitia kwa ua wa nyuma tangu ile siku. Ulidhani watoto wanakunywa chai ya rangi kwa sababu ya mrija wako?"

Fizikia niliiacha kidato cha pili, nayo iliniacha hata mapema zaidi, lakini hili niliweza kulielewa. Maziwa yanatakiwa kuanza yakiwa baridi ili mvuke upate nafasi ya kuyavimbisha kabla hayajapata moto kupita kiasi. Yangu nilikuwa nayaleta kwenye mrija yakiwa yametoka kuchemka. Safari yao ilikuwa imeisha, na mimi ndio kwanza nilikuwa nayaambia yaanze. Wale wenye ndevu hawakutaja jambo hilo, na siwalaumu. Kwao maziwa hutoka kwenye friji. Hakuna ng'ombe nyumba ya tatu, hakuna mama aliyewaambia kwamba maziwa mabichi hayakai ndani ya nyumba hata dakika kumi, hakuna kungoja yapande mara tatu. Nani angefikiria kumwonya mtu asichemshe maziwa kabla ya kuyapasha moto?

Kwa haki kamili nilirudisha ile soksi ya plastiki na mrija wa zamani, nikajaribu na maziwa baridi. Povu likatoka. Si zuri kama la mrija mpya, lakini likatoka. Habari hiyo sijampelekea fundi wa majiko.

Nilitaka kwenda kwa Mwaitu alasiri, akiwa peke yake, nimwombe msamaha vizuri sebuleni. Mke wangu alikataa.

"Neno ulilisemea langoni. Lirudishe langoni."

Kwa hiyo kesho yake asubuhi, saa ya kupima, nilitoka nyumbani na kikombe mkononi. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani. Kikombe kilijaa mpaka juu, povu limesimama kama kofia, na nililazimika kutembea kwa hatua za bibi harusi ili lisimwagike. Watoto wa shule walisimama kunipisha. Mwalimu mstaafu alikuwa pale na chupa yake. Yule mwanamke wa kwanza kuacha alikuwa pale pia, na sikuwa na haja ya kuuliza nani alimwita, kwa sababu alikuwa amesimama bega kwa bega na mke wangu.

"Mwaitu," nikaanza, nikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mwaitu, maziwa yako hayakuwa na maji. Hayajawahi kuwa na maji. Mimi ndiye nilikuwa nayachemsha halafu nayataka yatoe povu. Nilikosa, na nilikosa mbele ya hawa, nimekuja kusema mbele ya hawa."

"Sema tena," alisema mwalimu. "Sikio langu la huku ni bovu."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Wanawake wakacheka. Mwaitu hakucheka. Aliniangalia kuanzia shati hadi viatu.

"Na hicho kikombe ni cha nini?"

"Ni maziwa yako. Ya jana. Nimekuletea uone yalivyotoka."

"Woi," alisema yule mwanamke, akisogea kutazama. "Yamejaa hivyo?" Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akanyoosha chupa yake kwa Mwaitu. Mwaitu akaichukua, akaijaza bila haraka, akamrudishia, akafunga mtungi. Ndipo akapokea kikombe changu.

Alikipima uzito kwa mkono. Akapuliza juu, povu likasogea upande na kurudi. Akanywa, akatulia, akanywa tena, akapata masharubu meupe ambayo hakuna aliyethubutu kuyataja. Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba ni matamu, na hata jibu la unyenyekevu nilikuwa nalo. Akakiinamisha kikombe kuelekea jua, akatazama ndani, akakiinamisha mwalimu naye atazame. Kofia ya povu ilikuwa imezama. Kilichobaki hakikufika katikati.

Akanirudishia kikombe, akasema:

"Wewe ulisema mimi naweka maji kwa maziwa. Sasa wewe umeweka hewa, na kikombe ni nusu. Mwizi ni nani hapa?"